Zana za kunolea msumeno wa mnyororo nyumbani: zipi zinunuliwe na zipi ziachwe dukani

Wilayani Mufindi, na vivyo hivyo Kilolo, Njombe na Rungwe, msumeno wa mnyororo si chombo cha mkandarasi wa magogo peke yake. Mwalimu mstaafu mwenye ekari chache za paini anao, mkulima anayeviuzia viwanda vya chai kuni za mikaratusi za kukaushia majani anao, na asiyekuwa nao anaijua nyumba ya kwenda kuuazima. Kinachokosekana katika nyumba nyingi hizo ni zana za kuutunza. Mtu hutoa fedha nyingi kununua chensoo, kisha akachukua tupa yoyote aliyoiona kwenye kaunta, au akausubiri mnyororo uishe makali kabisa ndipo aupeleke mjini ukanolewe kwa mota ya umeme. Mapitio haya ni ya zana ambazo nimezitumia nyumbani kwangu, nje kidogo ya Mafinga, kwa mashine mbili: Stihl MS 381 ya kuangushia na kukatia magogo, na mashine ya Kichina ya sentimita za ujazo 58 ambayo imekuwa ya kuni na matawi. Niseme mapema kwamba zana iliyonisaidia kuliko zote ni kipande cha bati la chuma cha bei ndogo, ambacho wauzaji wengi hawakiweki mbele kwa sababu hakuna anayekiulizia.

Kabla ya kwenda dukani ni lazima mtu ausome mnyororo wake. Ukubwa wa mnyororo ni umbali kati ya riveti tatu zinazofuatana ukigawanywa kwa mbili, na mashine nyingi za huku zina mojawapo ya aina tatu: inchi 3/8 ya kawaida, inchi 0.325, na inchi 3/8 ya kimo kifupi ambayo hufungwa kwenye mashine ndogo. Kwenye minyororo ya Stihl tarakimu huchongwa kwenye nundu iliyo mbele ya kila jino, ambapo 3 ni ile ya 3/8 ya kawaida, 2 ni ya 0.325 na 6 ni ya 3/8 ya kimo kifupi. Oregon wao huandika kwenye ulimi unaopita ndani ya mfereji wa baa, yaani ule upanga wa chuma ambao mnyororo huuzunguka, na huko namba 21 ni ya 0.325, 91 ni ya 3/8 ya kimo kifupi, na 72, 73 na 75 ni za 3/8 ya kawaida. Usafi unahitajika ili kuzisoma, maana utomvu wa paini ukichanganyika na oili na unga wa mbao huziba kila kitu; kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo kinatosha.

Namba hiyo ndiyo inayoamua unene wa tupa, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mnyororo wa 0.325 unataka tupa ya duara ya milimita 4.8, na ule wa 3/8 wa kimo kifupi unataka ya milimita 4.0. Kwa 3/8 ya kawaida watengenezaji hawakubaliani, kwa kuwa Stihl wanataka milimita 5.2 na Oregon, kwa minyororo yao ya familia ya 72, 73 na 75, wanataka milimita 5.5. Tofauti ya milimita 0.3 inaonekana kuwa ya kudharauliwa, lakini jino hulijua. Tupa nyembamba kupita kiasi huzama chini na kulichimba jino kwa ndani, likapata ncha kali sana inayovunjika mapema kwenye mkaratusi mkavu. Tupa nene kupita kiasi hukaa juu, ikaacha pembe butu ambayo huteleza juu ya mbao hata kama macho yanaiona inang'aa. Kwa hiyo jibu la muuzaji kwamba tupa ya chensoo ni moja tu, na kwamba zote ni sawa, lisikubaliwe hata kama amelisema kwa upole.

Kuhusu chapa za tupa, nimetumia za Stihl, za Pferd kutoka Ujerumani, za Oregon, na nyingine zisizo na jina lolote zinazouzwa zikiwa zimefungwa kwa raba, tatu kwa pamoja. Za Pferd ndizo zinazokata kwa ulaini zaidi na kubaki na makali muda mrefu zaidi, za Stihl zinafuata kwa karibu sana, na za Oregon zinatosha kabisa kwa matumizi ya nyumbani. Hizo zisizo na jina sizipendekezi hata kwa anayebana matumizi. Ukiipitisha moja kwenye jino lililo na ugumu wake wa kawaida, husikii ule mkwaruzo mzito wa chuma kinachokatwa, bali sauti nyembamba ya kuteleza, na ukiitazama baada ya mnyororo mmoja utaona michirizi yake imelala upande mmoja. Bei ya tupa moja nzuri inanunua kadhaa za aina hiyo, lakini tupa hiyo moja hunoa minyororo mingi zaidi ya hizo zote zikijumlishwa, na haimtii mtu hasira.

Ubora wa tupa, hata hivyo, huharibiwa na mwenyewe kabla ya jino kuuharibu. Tupa zisitupwe pamoja na spana ndani ya boksi, kwa sababu chuma hugongana na chuma na makali huondoka bila kufanya kazi. Mimi huziweka kila moja ndani ya kipande cha bomba la plastiki la maji. Zisipakwe oili, maana chembe za chuma hunasa humo na tupa huanza kuteleza. Afadhali kuisugua chaki ya kawaida ya shuleni kabla ya kuanza, na kuipiga brashi ya waya baada ya kumaliza. Na kila tupa iwe na mpini. Mkia mtupu wa tupa ukiteleza hutoboa kiganja, na mpini wa mti wa miwati uliochongwa nyumbani unafaa kama ule wa dukani.

Zana inayofuata ni kishikio cha tupa, yaani kile kinachoisaidia mikono kuiweka tupa katika kimo na pembe inayotakiwa. Kanuni ni kwamba sehemu ya tano ya kipenyo cha tupa ionekane juu ya bapa la jino, yaani sehemu yake tambarare ya juu, na pembe iwe nyuzi 30 kwa minyororo mingi, ingawa ipo ya nyuzi 25, na ile ya kupasulia mbao kwa urefu hunolewa kwa nyuzi 10 hivi. Fundi mzoefu hufanya haya kwa jicho. Sisi wengine tunahitaji msaada, na msaada huo unauzwa kwa maumbo manne.

Rahisi kuliko yote ni kishikio cha bati chenye mistari ya nyuzi juu yake, ambacho tupa hufungwa ndani yake kwa skrubu au kibano. Hukaa juu ya bapa la jino na juu ya nundu, hivyo kimo hakikosewi, na mtu anachotakiwa kuangalia ni kwamba mstari uende sambamba na baa. Kwa mtu anayeanza, hiki ndicho ningekinunua. Kasoro yake ni kwamba kinaficha jino lenyewe, kwa hiyo mtu hukisukuma kwa imani na kulazimika kukiinua mara kwa mara atazame. Kipo pia kile cha magurudumu madogo, ambacho Husqvarna huuza kikiwa pamoja na kipimo cha nundu, na ambacho huwekwa juu ya mnyororo huku tupa ikitembea juu ya vigurudumu. Hiki kinaacha jino lionekane na ni kidogo cha kuingia mfukoni, ila kila ukubwa wa mnyororo unataka chake, na anayenunua cha mnyororo mwingine amenunua pambo.

Aina ya tatu ni ile inayofunga tupa mbili za duara na moja bapa ndani ya fremu moja, ikalinoa jino na kuishusha nundu kwa msukumo uleule. Stihl huiuza, na Pferd pia wana chombo cha namna hiyo. Nilikishuku mwanzoni kwa sababu ya bei, lakini baada ya kukitumia kwenye mashine ya kuni nakubali kwamba kwa mtu mwenye mnyororo mmoja, aliye na muda mchache, hakuna njia ya haraka zaidi ya kupata makali yanayokubalika. Mipaka yake ijulikane. Kama nundu zilikwisha kushushwa kupita kiasi na aliyetangulia, fremu hii hupita juu yake bila kuzigusa, na kama meno ya upande mmoja yalikwisha kuwa mafupi kuliko ya upande wa pili, haitayasawazisha. Vilevile tupa zake zikiisha makali ni lazima zitafutwe za vipimo vilevile, na kwa mwenye mashine mbili za ukubwa tofauti, kama mimi, fremu moja haitoshi.

Aina ya nne hufungwa juu ya baa kwa skrubu, ikiwa na mkono unaosetiwa kwa nyuzi na kimo, na ndiyo sahihi kuliko zote. Ni ya meza ya nyumbani, si ya shambani, na ni ya mtu mwenye subira. Niliona faida yake pale tu mnyororo ulipokuwa umegonga msumari na kuharibika meno kwa viwango tofauti.

Sasa nifike kwenye bati nililolitaja. Mbele ya kila jino kuna nundu, na kazi yake ni kuamua jino lizame kiasi gani ndani ya mbao kila linapopita. Kwa minyororo mingi ya nyumbani nundu inatakiwa kuwa chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65. Bapa la jino limejengwa likiwa na mteremko kuelekea nyuma, kwa hiyo kila linaponolewa linakuwa fupi na pia linashuka, huku nundu ikibaki palepale. Baada ya kunoa mara kadhaa, jino kali kabisa linakuwa limefichwa nyuma ya nundu ndefu: linagusa mbao lakini haliumi. Hapo ndipo utamsikia mtu akilalamika kwamba amenoa leo asubuhi na mashine haili, kisha anaikandamiza kwa nguvu ya mabega, injini inachemka, baa inaungua, na lawama zinamwendea aliyemuuzia mnyororo.

Kipimo cha nundu ni bati lenye tundu au mfereji, ambalo hulazwa juu ya mnyororo, na sehemu yoyote ya nundu inayochomoza hupigwa tupa bapa mpaka iwe sawa na bati. Baada ya hapo sehemu ya mbele ya nundu hulainishwa kidogo ili irudishiwe mviringo wake wa awali. Kazi hii haihitajiki kila siku. Mimi hukagua kila baada ya kunoa mara tatu hadi tano. Anayeshusha nundu kwa kukisia, bila bati, yuko hatarini zaidi kuliko asiyeshusha kabisa, kwa sababu nundu iliyoshuka mno huliachia jino lichimbe kwa pupa, mashine ikatetemeka, na hatari ya baa kuruka kuelekea usoni mwa mtumiaji ikaongezeka. Ninapowaona vijana wakizifyeka nundu zote kwa grainda ili mashine ikate haraka, huwa naomba kusogea mbali. Bati la Stihl, la Oregon na lile linalokuja na kishikio cha Husqvarna yote yanafaa, mradi liwe la mnyororo unaohusika. Tupa bapa iwe ya meno laini, na isitumike kwa majembe.

Jiliwa nalo lisisahaulike, kwa kuwa nusu ya kunoa vibaya hutokana na mashine inayocheza. Kwa nyumbani jiliwa lolote la karakana linatosha likibana baa, si mnyororo, ili mnyororo uweze kuvutwa. Kwa shambani lipo jiliwa dogo lenye miguu miwili yenye ncha, ambalo hupigiliwa kwenye kisiki kwa nyundo. Nimelipenda kuliko nilivyotarajia. Kisiki cha paini kilichokatwa karibuni kina ulaini wa kupokea ncha hizo kwa mapigo mawili, na mashine husimama imara kwa kimo cha magoti. Kwenye kisiki kikavu cha mkaratusi miguu yake hukataa kuingia, na asiyekuwa na nyundo nzito ataishia kulishika mkononi.

Mashine za umeme za kunolea nazipitia haraka kwa sababu msimamo wangu juu yake ni mfupi. Ile ya mezani yenye jiwe bapa la duara ni chombo halali cha karakana inayonoa minyororo mingi kwa siku, na katika mikono mizuri husawazisha meno yaliyoharibika kuliko tupa. Katika mikono yenye haraka jiwe hukaa juu ya jino mpaka chuma kinabadilika rangi kuwa bluu, na chuma kilichofikia hapo ugumu wake wa asili umevurugika. Nimewahi kurudishiwa mnyororo wa namna hiyo na karakana moja ya mjini: baadhi ya meno yalikuwa yamekakamaa kiasi kwamba tupa iliteleza juu yake kama juu ya kioo. Vile vijiwe vidogo vya duara vinavyofungwa kwenye drili vina tatizo jingine, kwamba vyenyewe vinalika, na kijiwe cha milimita 4.8 hakibaki na kipenyo hicho kwa muda mrefu. Ukiongeza na umeme wenyewe, ambao huku hauji kwa ahadi, tupa inabaki kuwa chaguo la busara.

Namna ya kunoa kwenyewe inaeleza kwa nini zana hizi chache zinatosha. Injini huzimwa na kofia ya plagi kuchomolewa. Mnyororo hukazwa zaidi kidogo kuliko kawaida ili meno yasiyumbe. Jino la kuanzia huwekewa alama ya rangi ya kucha, na liwe lile fupi kuliko yote, kwa kuwa mengine yote yatashushwa yalingane nalo. Tupa husukumwa kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa mkupuo mmoja wa urefu wake wote, kisha huinuliwa na kurudishwa bila kugusa; kuisugua mbele na nyuma ni kuiua. Misukumo miwili au mitatu kwa kila jino hutosha ikiwa mtu hakungoja makali yaishe. Meno ya upande mmoja humalizwa yote, kisha mtu huhamia upande wa pili. Kipimo cha kukamilika ni mwanga: lielekeze jino kwenye jua na utazame ukingo wake kutoka mbele. Ukingo butu huonyesha mstari mwembamba mweupe unaong'aa, na ukingo uliokamilika hauonyeshi mstari wowote, kwa sababu hakuna tena bapa la kurudisha mwanga. Umbo hili la jino lipo kwa sababu ya mdudu, nalo ni jambo linalonifurahisha kila mara: mwaka 1946 mkata miti wa jimbo la Oregon, Marekani, aitwaye Joseph Cox, alimtazama buu akila mbao kwa kupeleka taya kushoto na kulia, akatengeneza mnyororo wenye meno yanayopishana hivyo hivyo, na kampuni ya Oregon ikaanzia hapo.

Kuna zana mbili ndogo za baa ambazo hazina gharama ya kuogopesha. Kikwaruzio chenye ncha iliyopinda husafisha mfereji na kitundu cha oili, na tupa ileile bapa huondoa kingo zinazotokeza pembeni mwa reli za baa. Baa igeuzwe juu chini kila mnyororo unaponolewa ili isilike upande mmoja. Kama baa ina tundu la grisi kwenye pua yake, bomba dogo la grisi litahitajika. Kama haina, usinunue. Sproketi, yaani gurudumu la meno linaloukokota mnyororo, ikaguliwe pia, maana yenye mikwaruzo yenye kina kinachofikia milimita 0.5 huula mnyororo mpya, na ushauri wa kawaida wa watengenezaji ni kuibadilisha kwa kila minyororo miwili. Na kuhusu oili chafu ya gari, ambayo imekuwa mazoea ya kumwagiwa kwenye tangi la oili ya mnyororo, ina chembe za chuma zinazokwangua pampu na baa, na hurushwa kwenye nguo na ngozi ya mtumiaji. Hakuna tupa itakayofidia hilo.

Kwa anayeuliza aanze na nini, kwa mashine moja ningechukua tupa mbili za duara za unene sahihi, tupa bapa moja, kishikio cha bati chenye mistari ya nyuzi, bati la kupimia nundu, na jiliwa la kisiki kama kazi yake iko mbali na nyumbani. Vyote hivi kwa pamoja havifikii gharama ya minyororo michache mipya ya chapa nzuri. Mwenye haraka na mkoba mnene achukue fremu ya tupa tatu badala ya kishikio. Anayepasua mbao kwa chensoo bondeni, kule ambako mashine za kupasulia magogo ziitwazo dingdong hazifiki, anunue mnyororo wa pili na kuunoa kwa nyuzi 10 kwa kazi hiyo tu, na asiuchanganye na ule wa kukatia magogo.

Mafinga na Iringa Mjini vifaa hivi vinapatikana, na Mbeya maduka ya Mwanjelwa yana tupa za kila namna, nzuri na mbaya zikiwa kwenye droo moja. Kwa hiyo nenda na kipande cha mnyororo wako wa zamani mfukoni. Omba tupa itolewe kwenye karatasi yake, tazama kipenyo kilichochapwa kwenye mkia, kisha ilaze ndani ya jino ulilokwenda nalo: ionekane juu ya bapa kwa sehemu yake ya tano. Ikizama yote au ikichomoza nusu nzima, irudishe kaunta hata kama muuzaji ameshaanza kuandika risiti.